Ushindi 14 na bado ugenini: jinsi ratiba na mtoano wa NFL unavyopangwa

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Minneapolis. Nimezoea ligi ambayo kila timu hukutana na kila timu nyumbani na ugenini, na anayeongoza msimamo ndiye bingwa. Msimu wa 2024 Vikings, timu ya hapa kwetu, walishinda mechi 14 kati ya 17, kisha wakapelekwa Los Angeles kucheza na Rams walioshinda 10 tu, wakatolewa. Wenzangu kazini wanadai kwamba hata ratiba yenyewe ilipangwa kwa upendeleo. Naomba unieleze mechi za kandanda ya Kimarekani hupangwaje, na timu hufuzu mtoano kwa kanuni gani.

Jibu: Ndugu msomaji, malalamiko yako na ya wenzako yana sehemu mbili ambazo ni vyema zitenganishwe mapema, kwa sababu moja nitaikataa na nyingine nitaikubali kwa kiasi. Ratiba haikuwaonea Vikings. Ukiichunguza kwa makini utaona kwamba iliwabeba. Utaratibu wa mtoano, kwa upande mwingine, uliwanyima kitu ambacho hata mimi naona walikistahili.

Tuanze na hesabu, maana mambo mengine yote yanatokana nayo. NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, ina timu 32. Kama zingecheza kwa mtindo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ambako timu 16 hucheza mechi 30 kila moja, kila timu ya Marekani ingelazimika kucheza mechi 62. Hilo haliwezekani katika mchezo ambao wachezaji hugongana kwa nguvu kiasi kwamba mechi moja kwa wiki ndiyo kiwango ambacho mwili unaweza kukimudu. Tangu msimu wa 2021 kila timu hucheza mechi 17 katika wiki 18, wiki moja ikiwa ya mapumziko, na jumla ya mechi za msimu wa kawaida ni 272. Katika mechi hizo 17 timu hukutana na wapinzani 14 tu. Wengine 17 haiwaoni kabisa mwaka huo. Msimamo mmoja wa timu zote 32, kama ule uliouzoea, usingekuwa na maana kubwa, kwa kuwa ungelinganisha timu zilizofanya mitihani tofauti.

Ndiyo maana ligi imekatwa vipande. Kuna konferensi mbili, AFC na NFC, zenye timu 16 kila moja, na kila konferensi ina divisheni nne za timu nne nne, zinazoitwa kwa majina ya pande za dunia. Mgawanyo huu umekuwapo tangu 2002, Houston Texans walipojiunga na kuikamilisha idadi ya 32. Neno divisheni lisikupotoshe: hapa halimaanishi daraja, na hakuna kupanda wala kushuka. Ni ujirani, tena mara nyingine ni ujirani wa historia kuliko wa ramani, kwani Dallas Cowboys wa Texas wamo katika NFC Mashariki pamoja na timu za New York, Philadelphia na Washington, na hakuna mwenye akili timamu atakayependekeza wahamishwe kutoka kwa mahasimu wao.

Sasa tuchukue Vikings wako wa 2024 na tuzihesabu mechi zao moja baada ya nyingine. Sita zilikuwa za majirani wa NFC Kaskazini, yaani Detroit Lions, Green Bay Packers na Chicago Bears, kila mmoja nyumbani na ugenini. Nne zilikuwa dhidi ya divisheni nzima ya konferensi yao wenyewe, na mwaka ule ilikuwa zamu ya NFC Magharibi: 49ers, Rams, Seahawks na Cardinals. Zamu hii huzunguka kila baada ya miaka mitatu. Nne nyingine zilikuwa dhidi ya divisheni nzima ya konferensi ya pili, na hapo ilikuwa AFC Kusini yenye Texans, Colts, Jaguars na Titans. Zamu hii huzunguka kila baada ya miaka minne. Hizo ni mechi 14, na hakuna hata moja kati yake iliyotegemea Vikings walicheza vizuri au vibaya mwaka uliotangulia. Mtu mwenye kalamu na karatasi anaweza kukuambia leo watakutana na divisheni zipi miaka kadhaa ijayo.

Zinabaki tatu, na ni hizi tu zinazotokana na nafasi ya timu katika msimu uliopita. Mbili huchezwa dhidi ya timu zilizomaliza katika nafasi ileile kwenye divisheni mbili za konferensi hiyo ambazo hazimo katika zamu, na ya tatu, ile ya 17 iliyoongezwa mwaka 2021, huchezwa dhidi ya timu ya nafasi hiyohiyo kutoka divisheni mojawapo ya konferensi ya pili. Vikings walimaliza msimu wa 2023 wakiwa wa tatu, hivyo wakapewa watu wa tatu wenzao: Giants wa NFC Mashariki, Falcons wa NFC Kusini, na Jets wa AFC Mashariki. Kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa mbili, konferensi moja hupata mechi tisa za nyumbani mwaka huu na nyingine hupata tisa mwaka unaofuata, na 2024 ilikuwa zamu ya NFC. Kwa hiyo mechi ya Jets ilihesabiwa kuwa ya nyumbani kwa Vikings, ingawa ilichezwa tarehe 6 Oktoba katika uwanja wa Tottenham Hotspur jijini London, na wewe uliyeko Minneapolis ulitakiwa kuitazama saa mbili na nusu asubuhi, mkononi ukiwa na kikombe cha chai.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzako wa kazini wawe na subira kidogo. Lions walimaliza 2023 wakiwa wa kwanza katika divisheni hiyohiyo, na kwa kanuni ileile walipewa watu wa kwanza wenzao: Cowboys, Buccaneers na Bills. Mechi nyingine zote 14 za Lions na Vikings zilikuwa na wapinzani walewale, ukihesabu na zile mbili walizokutana wenyewe kwa wenyewe. Lions waliwafunga Cowboys 47 kwa 9, lakini wakapoteza kwa Buccaneers 20 kwa 16 na kwa Bills 48 kwa 42, mara zote mbili wakiwa nyumbani Detroit. Vikings wao waliwashinda Giants, Jets na Falcons bila kupoteza hata mechi moja. Ukiziweka kando mechi hizo tatu za kila upande, utakuta kwamba katika mechi 14 zilizobaki Lions walishinda zote, na Vikings walishinda 11. Vipigo viwili pekee vya Lions katika msimu mzima vilitoka katika mechi walizopewa kama adhabu ya kuwa bingwa wa divisheni. Kwa hiyo pengo la kweli kati ya timu hizo mbili lilikuwa kubwa kuliko tofauti ya mechi moja inayoonekana katika msimamo wa mwisho, yaani ushindi 15 na vipigo 2 kwa Lions dhidi ya ushindi 14 na vipigo 3 kwa Vikings, na aliyelipunguza ni mpangaji wa ratiba.

Kama upendeleo upo, autafute mtu katika tarehe badala ya wapinzani. Kanuni niliyoeleza huamua nani atacheza na nani na wapi, lakini haisemi lini. Hilo huamuliwa na ofisi ya ligi iliyoko New York kwa msaada wa kompyuta zinazochambua idadi kubwa mno ya ratiba zinazowezekana, huku zikizingatia matamasha yaliyokwisha kukodi viwanja, safari za nje ya nchi, na zaidi ya yote matakwa ya vituo vya televisheni, kisha ratiba kamili hutangazwa kwa kawaida mwezi Mei. Hata siku zenyewe zina mipaka ya kisheria. Sheria ya utangazaji wa michezo ya mwaka 1961 iliipa ligi kinga ya kuuza matangazo ya timu zake zote kwa pamoja, lakini kinga hiyo huondoka iwapo ligi itaonyesha mechi Ijumaa usiku au Jumamosi katika kipindi cha kuanzia Ijumaa ya pili ya Septemba hadi Jumamosi ya pili ya Desemba, ili shule za sekondari na vyuo vikuu visiporwe watazamaji. Eagles na Packers walipocheza São Paulo siku ya Ijumaa, tarehe 6 Septemba 2024, hiyo ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na haikuangukia hapo kwa bahati.

Katika suala hili la tarehe Vikings wana neno. Jumapili ya tarehe 20 Oktoba waliwapokea Lions nyumbani na kupoteza 31 kwa 29. Siku nne baadaye, Alhamisi, walikuwa Los Angeles wakipoteza kwa Rams 30 kwa 20. Ni kweli kwamba Rams nao walikuwa wamecheza Jumapili ileile, lakini walichezea nyumbani na hawakupanda ndege. Vipigo viwili kati ya vitatu vya msimu mzima viliingia katika siku hizo tano. Ningekuwa kocha wao ningenung'unika, ingawa timu nyingi huipata Alhamisi ya namna hiyo.

Wiki ya mwisho hupangwa kwa namna ya pekee. Tangu 2010 mechi zote za wiki hiyo huwa za majirani wa divisheni moja, na siku na saa zake huachwa wazi hadi wiki moja kabla, ili mechi yenye uzito zaidi iwekwe Jumapili usiku. Ndivyo ilivyotokea tarehe 5 Januari 2025, Vikings walipokwenda Detroit, timu zote mbili zikiwa na ushindi 14. Haikuwahi kutokea katika historia ya msimu wa kawaida wa NFL timu mbili zikutane kila moja ikiwa na ushindi wa idadi hiyo. Jamaa zako wa Dar es Salaam waliotaka kuitazama walilazimika kuamka saa kumi na dakika 20 alfajiri ya Jumatatu. Aliyeshinda angekuwa wa kwanza katika konferensi nzima, na aliyeshindwa angeangukia nafasi ya tano. Lions walishinda 31 kwa 9.

Bila shaka unajiuliza inawezekanaje timu itoke kugombea nafasi ya kwanza na kuanguka hadi ya tano kwa mechi moja. Jibu liko katika kanuni ya kufuzu. Tangu msimu wa 2020 kila konferensi huingiza timu saba katika mtoano. Mabingwa wa divisheni nne huingia moja kwa moja na hupangwa katika nafasi ya kwanza hadi ya nne kwa kufuata rekodi zao, na timu tatu zenye rekodi bora miongoni mwa zilizobaki, zinazojulikana kama waildi kadi, hupewa nafasi ya tano hadi ya saba. Waildi kadi hawezi kumpita bingwa wa divisheni katika orodha hiyo, hata kama amemzidi kwa ushindi kumi. Nafasi ya kwanza hupumzika raundi ya kwanza, na nyingine hukutana wa pili na wa saba, wa tatu na wa sita, wa nne na wa tano, aliye juu akiwa mwenyeji.

NFC ya msimu ule ilipangika hivi: Lions wa kwanza wakiwa na ushindi 15, Eagles wa pili wakiwa na 14, Buccaneers wa tatu na Rams wa nne wakiwa na 10 kila mmoja, kisha Vikings wa tano wakiwa na 14, Commanders wa sita wakiwa na 12, na Packers wa saba wakiwa na 11. Hakuna waildi kadi aliyewahi kufikisha ushindi 14 kabla ya Vikings. Nikusahihishe jambo moja dogo: mechi yao na Rams haikuchezwa Los Angeles. Kwa sababu ya mioto mikubwa iliyokuwa ikiunguza maeneo ya jiji hilo, ilihamishiwa Glendale, Arizona, Jumatatu ya tarehe 13 Januari, lakini Rams walibaki kuwa wenyeji. Sam Darnold, kwotabeki wa Vikings, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, aliangushwa chini na mpira ukiwa bado mkononi mwake mara tisa, na mechi ikaisha 27 kwa 9.

Sasa hao Rams walikuwaje mabingwa wa NFC Magharibi? Hapa pana jambo ambalo wenzako hawakukuambia, pengine kwa sababu linauma. Seattle Seahawks walimaliza msimu wakiwa na rekodi ileile ya Rams, ushindi 10 na vipigo 7, na wakakosa mtoano kabisa, kwa kuwa waildi kadi wa mwisho alikuwa na ushindi 11. Katika ligi ulizozoea wangetazama tofauti ya mabao na kazi ingeisha. NFL haipendi kumlipa mtu kwa kumkandamiza mnyonge, kwa hiyo pointi za kufunga na kufungwa zimewekwa mbali sana chini ya orodha ya vigezo. Kwanza hutazamwa mechi za wahusika wenyewe: Rams na Seahawks walikuwa wamegawana, kila mmoja akishinda moja. Kisha rekodi ndani ya divisheni: kila mmoja alishinda nne na kupoteza mbili. Kisha rekodi dhidi ya wapinzani wa pamoja: saba kwa tano, kila mmoja. Kisha rekodi ndani ya konferensi: sita kwa sita, kila mmoja. Kwa kweli ni nadra kuona mambo yakifungana namna hii.

Kigezo cha tano ndicho kilichokata shauri, nacho huitwa nguvu ya ushindi. Huchukuliwa timu zote ambazo umezishinda, zikajumlishwa rekodi zao, na aliyewashinda wenye rekodi bora ndiye anayepita. Rams waliwashinda Vikings mwezi Oktoba. Seahawks walipoteza kwa Vikings mwezi Desemba. Maana yake ni kwamba kila mara Vikings waliposhinda mechi, hata dhidi ya Bears au Jaguars, walikuwa wakiiongezea Rams nguvu ya ushindi bila kuongeza chochote kwa Seahawks. Mashabiki wa Minneapolis walipokuwa wakishangilia ushindi wa kumi na tatu na wa kumi na nne, walikuwa wakimjengea mwenyeji aliyekuja kuwatoa. Kama vigezo hivyo vyote vingeshindikana, vipo vingine vinavyofuata, na mwisho kabisa wa orodha ipo sarafu ya kurushwa juu. Sare nazo, ambazo ni adimu, huhesabiwa kuwa nusu ya ushindi na nusu ya kipigo.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu mtoano ambalo huwachanganya wanaotoka katika mashindano yenye mchoro uliopangwa tangu mwanzo. Baada ya raundi ya kwanza timu hupangwa upya: aliye wa kwanza hukutana na mwenye nafasi ya chini kabisa aliyebaki. Mwaka ule walibaki Lions wa kwanza, Eagles wa pili, Rams wa nne na Commanders wa sita, hivyo Lions wakapewa Commanders, na huo uliokusudiwa kuwa upendeleo ukageuka msiba, kwani walifungwa 45 kwa 31 mbele ya watu wao. Eagles waliwatoa Rams kwenye theluji ya Philadelphia 28 kwa 22, wakawafumua Commanders 55 kwa 23 katika fainali ya konferensi, kisha wakawashinda Kansas City Chiefs, mabingwa wa AFC, 40 kwa 22 katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi nzima, iliyochezwa New Orleans tarehe 9 Februari 2025. Mji wa Super Bowl huchaguliwa miaka kadhaa kabla, kwa hiyo hakuna anayeipigania kama mechi ya nyumbani.

Sehemu ya malalamiko yako ninayoikubali ni hii. Naona ni haki bingwa wa divisheni aingie mtoano hata akiwa na rekodi dhaifu, kwa sababu mechi sita kati ya 17 huchezwa na majirani, na bila tuzo hiyo mechi za Packers na Bears zingekosa sababu ya kuchezwa kwa ukali unaoujua. Mwaka 2010 Seahawks waliingia kwa njia hiyo wakiwa na ushindi 7 na vipigo 9, wakawatoa Saints walioshinda 11. Lakini kuingia ni jambo moja, na kuwa mwenyeji ni jambo jingine. Sioni hoja yenye uzito ya kumfanya mwenye ushindi 14 afunge safari kwenda kwa mwenye 10. Kama nafasi zingepangwa kwa rekodi peke yake, Vikings wangekuwa wa tatu, wangechezea Minneapolis, na mgeni wao angekuwa Buccaneers.

Pendekezo la namna hiyo lilipelekwa mbele ya wamiliki wa timu mwaka 2025, na waliolipeleka walikuwa Lions, ambao kanuni iliyopo haikuwa imewaumiza msimu ule. Mabadiliko ya kanuni huhitaji kura 24 kati ya 32, na kura hizo hazikuonekana. Mwezi Mei wamiliki walipokutana Eagan, kusini kidogo ya mji wako na jirani kabisa na viwanja vya mazoezi vya Vikings, Lions waliliondoa pendekezo lao kabla halijapigiwa kura.